Picha Sabini kwa Sekunde

Mtaani walimwita Baridi, na wala hakukasirika. Mtu aliyetengeneza friji na viyoyozi maisha yake yote angeitwa nini tena, Moto? Wenye midomo yao waliongeza kwamba jina lilimfaa kwa sababu hata salamu zake zilikuwa fupi, kama za mtu anayechungulia mlangoni na kurudi ndani. Huo ulikuwa uzushi. Baridi alipenda sana maongezi. Shida ni kwamba mtu aliyekuwa akiongea naye, mkewe, alikuwa amefariki, na aliyebaki, binti yake wa pekee, aliolewa mbali, mahali pa kufika kwa ndege mbili. Na binti huyo hakuwa mtu wa simu. Ukimpigia alijibu "ndiyo", "hapana", "salama", kisha kimya, baba na mwana wakabaki wanasikilizana wakipumua mpaka mmoja aone aibu akate.

Kilichowaokoa ni mchezo. Binti alipokuja mazishini alimwachia baba yake kompyuta yake kuukuu, akamfundisha mchezo wa malori. Kila mtu ana lori lake na mzigo wake, mnaongozana kwenye barabara za milimani, na mnasikilizana kwa hedifoni. "Hata usipouweza, baba, angalau tutacheka," alimwambia. Tangu hapo kila Jumamosi mchana Baridi alifunga kibanda chake mapema, akala harakaharaka, akavaa hedifoni na kungoja.

Tuseme ukweli, udereva haukuwa fani yake. Lori lake lilitumbukia korongoni mara nyingi kuliko lilivyofika. Lakini lawama zote si zake. Kompyuta ilikuwa imechoka. Kwenye kona kali picha iliganda, na ilipoganduka lori lilikuwa bondeni zamani, magurudumu juu kama mende. Aibu iliyoje kwa mtu ambaye kazi yake ni kugandisha vitu vya wenzake! Na kila walipotoka mji mmoja kuingia mwingine, skrini iligeuka nyeusi tii, kiduara kikatokea katikati kikaanza kuzunguka, kikazunguka weee, mtu angeweza kumenya viazi vya harusi. Binti, ambaye mashine yake ilikuwa nzuri, alitangulia, akaegesha kando ya barabara, akamngoja.

"Bado, baba?"

"Bado. Kinazunguka."

"Haya." Kisha, baada ya kitambo: "Unajua bosi wangu mpya anaongea na maua ya ofisini? Anayapa habari za asubuhi, sisi hatusalimii."

"Pengine maua yanamwitikia vizuri."

Binti alicheka mpaka akakohoa, ndipo akaeleza habari za kikohozi, na dawa aliyopewa, na mumewe aliyekataa kufungua dirisha. Kiduara kikizunguka, wao wakiongea. Kikikoma, wakaendesha.

Sasa Jumamosi moja, lori la Baridi likiwa limetumbukia tena, binti akasema huku anacheka, "Baba, mashine yako hii! Leo tumepita miji miwili tu." Alisema kwa mzaha, basi. Lakini baba hakulichukua kwa mzaha, lilimkaa moyoni siku nzima. Mtu anayengojwa sana mwisho wake huachwa, aliwaza. Mwanangu ni kijana, ana mashine nzuri, ana marafiki wenye mashine nzuri. Akiichoka Jumamosi, nitamshika kwa kitu gani? Hakuwa na kitu kingine. Nyumba ilikuwa na vyumba vitatu, na watu waliokuwa wakiongea humo walikuwa wa redio.

Jumatatu akaenda kibanda cha pili, kwa Mama Waya, fundi wa kompyuta, mwanamke mwenye miwani minene na kicheko kinachosikika ng'ambo ya barabara.

"Nataka iende kasi," Baridi alimwambia.

"Kasi kiasi gani?"

"Kasi. Isigande."

"Jirani, mtu akikuletea friji unaitia gesi kabla hujaipima?"

"Labda niwe nimerukwa na akili."

"Basi pima kwanza." Akamwekea programu ya kupimia. Programu hiyo ililipeleka lori lenyewe, bila dereva, kwenye barabara ileile na mvua ileile kila mara, na mwishoni ikatoa hesabu ya picha ambazo mashine iliweza kuchora kwa sekunde moja. "Zikiwa chache, unaona lori linarukaruka. Na usidanganywe na wastani. Wewe tazama ile ya chini kabisa, maana hapo ndipo unapotumbukia. Badilisha kitu kimoja, pima. Kingine, pima. Na unapopima funga programu nyingine zote, zinakula nguvu."

Hilo la mwisho halikuhitaji maelezo. Friji hupimwa mlango ukiwa umefungwa. Atakayefungua achungulie, hata kwa kufumba na kufumbua, ameharibu kipimo, uanze upya. Marehemu mkewe alifukuzwa jikoni kwake mwenyewe mara ngapi kwa kugusa mlango wa friji ya mteja! Kwa hiyo Baridi alipofika nyumbani alifunga kila kitu. Alifunga programu ya kuongelea. Alizima redio, ambayo haikuhusika hata kidogo. Kisha akazima na simu, kwa hoja kwamba nayo inanyonya intaneti ileile. Mlango ukafungwa kabisa.

Wastani ulikuwa ishirini na sita. Ya chini kabisa, tisa.

"Tisa!" alisema peke yake. "Hata mimi ningechora kwa mkono."

Ndipo ikaanza kazi. Alifungua kasha, akakuta feni imevaa koti la vumbi. Akasafisha. Akakwangua dawa iliyokauka juu ya chipu, ile inayopitisha joto, akapaka mpya kwa ufundi wa mtu aliyepambana na joto tangu ujana. Thelathini na nne. Akapunguza vivuli vya miti na matone ya mvua mchezoni. Arobaini na moja. Mama Waya akampa memori iliyotumika, na yeye akamtengenezea kiyoyozi cha kibanda. Kisha ikaja diski mpya, kisha kadi ya picha iliyotolewa kwenye kompyuta ya ofisi fulani. Binti alipouliza kuhusu Jumamosi, Baridi alimjibu, "Nipe muda kidogo, mwanangu. Nataka ukija ukute mashine ya maana." Jumamosi ya kwanza ikapita hivyo. Ya pili nayo.

Kila jioni lori lile lisilo na mtu lilipanda mlima uleule. Usukani ulijizungusha, vifuta kioo vikaenda huku na huku, na kitini hapakuwa na mtu. Baridi alikaa mikono magotini, maana kipimo hakitaki kuguswa, akalitazama. Alilijua kila jiwe la barabara ile. Siku nyingine alijikuta akiliambia lori, "Polepole hapo, kuna kona," kisha akanyamaza, kwa sababu sauti yake ilimshtua. Ulikuwa upweke, hauna jina lingine. Ila ulikuwa upweke wenye namba inayopanda, na mtu akiona namba inapanda hujidanganya kwamba kuna mahali anakwenda.

Jumatano moja, kipimo kilipokwisha, aliwasha simu akakuta binti yake amempigia mara tatu. Yule yule asiye mtu wa simu. Akapiga, haikupokewa. Akaandika: "Nilikuwa kwenye kipimo, mwanangu. Tumefika hamsini na tatu! Kulikuwa na jambo?" Jibu lilichelewa kidogo. "Hongera, baba. Hapana, nilitaka kukusalimia tu."

Naye akafurahi! Kwamba mtoto siku hizi anapiga hata kwa salamu tu. Mwanaume huyu angepita nje ya nyumba ya mtu akasikia kompresa ya friji inaumwa jikoni, akabisha hodi. Hilo hakulisikia.

Mwishowe ikafika. Wastani sabini, ya chini kabisa hamsini na nane. Mama Waya akampa mkono. Jumamosi hiyo Baridi alinyoa ndevu, akavaa shati safi, utadhani kompyuta ina macho.

Na kweli, mambo yalikuwa moto. Lori liliteleza kwenye kona kama kidole kwenye siagi. Kiduara kilitokea kikapotea kabla hakijamaliza mzunguko mmoja. Mji, daraja, mji, mlima, mji.

"Kushoto, baba."

"Nimeona."

"Umekuwa mkali wewe!"

"Mwalimu wangu nani?"

Mzigo ukafika, skrini ikawapongeza. "Haya, baba, Jumamosi ijayo," binti akasema, akatoka. Baridi akavua hedifoni. Jua lilikuwa bado kali dirishani, na mchana wote ulikuwa umebaki, hana pa kuupeleka. Akadhani ni uchovu.

Jumamosi iliyofuata ikawa vilevile. Kulia. Nimeona. Umefika. Haya. Aliposhusha mzigo alikaa akaitazama ile skrini, akajiuliza maswali kama anavyoiuliza friji iliyorudishwa na mteja: nini kimebadilika? Mwanangu ni yuleyule, siku ni ileile, barabara ni ileile. Akajaribu kukumbuka alichoambiwa mwezi huo. Yule bosi na maua yake? Hajui. Kikohozi? Hajui. Alijua ya chini kabisa ni hamsini na nane, na hakujua kama mwanawe ni mzima. Ndipo akaelewa alichokitengeneza. Maongezi yao yote yalikuwa yakikaa ndani ya kile kiduara, na yeye kwa mikono yake, kwa bidii na maarifa, alikiondoa.

Mwingine angesema, si umpigie simu, mzee? Hayo angeyasema mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye simu akimsikiliza mwanawe akipumua.

Jumamosi ya tatu waliondoka vizuri. Walipofika darajani, Baridi akainua mikono kutoka kwenye kibodi, akaiweka mapajani. Lori lake likapunguza mwendo, likasimama katikati ya barabara. Malori ya watu wengine yakampita yakimpigia honi.

"Baba? Mbona umesimama?"

"Imeganda," alisema, na uso ukamchoma. Mtu mzima, anadanganya mtoto.

"Tena?"

"Tena. Sijui imepatwa na nini."

Akaliona lori la binti yake, mbele kidogo, likisogea kando na kuzima injini.

"Haya," binti akasema. "Nakungoja."

Baridi hakuthubutu hata kukohoa.

"Umekula, baba?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mkate. Siku hizi nakula mkate tu. Kumpikia mtu mmoja, uvivu unanishika."

Baridi alilisikia hilo. Safari hii alilisikia.

"Mtu mmoja? Mwenzako amesafiri?"

"Ameondoka, baba. Si safari. Alichukua vitu vyake vyote, hata pazia alilonunua yeye."

"Lini?"

"Jumatano ile niliyokupigia."

Hamsini na tatu. Baridi alijifunika mdomo kwa kiganja. Alikuwa ameandika hamsini na tatu, tena na alama ya mshangao.

"Sasa mbona hukuniambia?" Sauti ilimtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Jumamosi zote hizi tuko pamoja humu!"

"Ningekuambia wapi, baba? Kwenye kona?" Hakuwa na hasira, ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka. "Siku hizi tunakimbia tu. Nikipata pa kuanzia, mji umeshafika. Nikivuta pumzi niseme sasa namwambia, nasikia mzigo umefika, haya."

"Nisamehe, mwanangu. Nilidhani umechoka kuningoja."

"Nani alikuambia nimechoka?"

Aliyemwambia alikuwa ni yeye mwenyewe. Lori moja refu likapita kati yao likipiga honi ndefu ya matusi, na wote wawili, bila kutaka, wakacheka kidogo, kicheko chenye machozi ndani.

"Baba."

"Naam."

"Mchezo huu unanionyesha hali ya mashine ya kila aliye karibu yangu. Yako imeandikwa sabini."

Baridi aliitazama mikono yake mapajani. Alitamani daraja lile lingemeza lori na dereva wake.

"Usiiguse," binti akasema. "Iache hivyohivyo, imeganda. Niambie, mama alipotutoka, zile wiki za kwanza, ulikuwa unalalaje?"

Tangu mazishi, hakuna mtu aliyewahi kumuuliza swali hilo. Akasogeza kiti karibu, akaanza kumjibu.