Salamu Mbele ya Kamera

Tangu chuo cha ualimu kihamishie masomo kwenye simu, mkufunzi wa saikolojia hatulii. Faudhia, anayemrekodi katika darasa tupu hapa Kasulu, humsihi asimame palepale. Huanza vizuri, kisha miguu inamtoa kwenye picha, unabaki ubao na sauti. Kila mara anajipangusa vidole kwenye koti, na chaki hajashika. Akimaliza hoja anauliza, "Tuko pamoja?" halafu anayakagua madawati ya nyuma. Lakini kinachomkera zaidi Faudhia ni mwanzo wa kipindi. Mkufunzi hupiga makofi taratibu, kama Waha wasalimianavyo, "Mwakeye!" kisha hunyamaza, kidevu juu, akingoja.

"Mwalimu, uongozi umesema huo ukimya niukate. Unamaliza bando za wanafunzi."

"Ukiukata, wataitikia saa ngapi?"

Leo Faudhia akamwonyesha rekodi, ajionee mwenyewe ukimya ulivyo mrefu. Kwenye kompyuta yule mtu akapiga makofi, akasalimia, akangoja. Mkufunzi akatazama mlango, akatazama madawati, akahangaika kitini. Halafu akakutanisha viganja, akapiga taratibu, akamwitikia.