Safu A Mpaka K

Mume wangu, Ambrose Tierney, hakuficha tiketi ili awauzie walanguzi. Naanza na hilo kwa sababu siku ya mazishi yake, watu wakiwa bado wanakula mkate na nyama baridi niliyoiandaa mimi katika ukumbi wa parokia, Philomena Gaffney alimwegemea jirani yake akasema, kwa sauti aliyojua nitaisikia, "Basi ndiye huyu aliyeua ule mchezo wa Troy." Jirani akauliza aliuaje. Philomena akajibu, "Tiketi alikuwa nazo, chini ya meza. Watu wanakuja na pesa zao mkononi, yeye anawaambia zimekwisha."

Nilifundisha Kilatini miaka thelathini na mmoja, na najua kutofautisha uongo na nusu ya ukweli. Nusu ya ukweli ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu ina mguu wa kusimamia. Tiketi zilikuwapo. Watu waliambiwa zimekwisha. Hayo mawili siyakani. Yaliyobaki nitayasema hapa mara moja.

Ambrose alikuwa mkuu wa dirisha la tiketi katika jumba la maonyesho la Merrivale, Mtaa wa Arobaini na Sita, kwa miaka kumi na minne. Dirisha lenyewe halikuzidi upana wa sinia la chai. Nyuma yake kulikuwa na kabati la vijumba vidogo, kila onyesho na tiketi zake, naye angeweza kunyoosha mkono bila kugeuka akakutolea viti viwili vya pembeni vya Alhamisi. Aliwajua wanunuzi kabla hawajafungua mdomo. "Anayeuliza kama mchezo ni mzuri, hanunui," alikuwa akiniambia. "Anayeuliza unakwisha saa ngapi, huyo ananunua. Ameshaanza kufikiria treni ya kurudia." Mimi mkewe hakunipa kiti cha bure hata mara moja. Nikitaka kwenda, alilipa kutoka mfukoni mwake, tena kwa mkono wa mwenzake, asije mtu akasema neno.

Kazi hiyo aliipata kwa kaka yangu mdogo, Cornelius Culhane, aliyekuwa meneja wa jumba hilo. Con nilimlea mimi. Mama alipofariki nilikuwa na miaka kumi na tano, yeye tisa, na nilimfundisha kuandika kwenye meza ya jikoni ile ile ninayoandikia sasa, hapa Sunnyside. Nilimsahihisha kila herufi isipokuwa K, ambayo mpaka anakufa aliitia mkia kama wa panya. Kila Jumapili alikula kwetu. Yeye na Ambrose walitaniana bila kuchoka, na mimi niliwaona kama ndugu wa tumbo moja. Hapo ndipo nilipokuwa mjinga.

Majira yale ya baridi ya mwaka 1963 hapakuwa na magazeti New York. Wapiga chapa walikuwa wamegoma tangu Desemba. Mchezo wa nyimbo uitwao *Kola Nyeupe* ulifunguliwa Merrivale katikati ya Januari, ukihusu wafuaji wa kola wa mji wa Troy, ule ulio kando ya mto Hudson, si ule wa farasi wa mbao. Ulikuwa na nyimbo tatu nzuri, na nyingine kumi na moja za kuzisubiria hizo tatu. Mwaka mwingine magazeti yangeupa maneno ya huruma, na watu wangejua la kufanya. Mwaka ule watu walikuwa na masikio yao tu, na walichoambiwa dirishani.

Kuna kifungu katika mkataba wa kila mchezo unaopanga jumba, na wasiokijua ndio wanaosema sana. Mapato yakishuka chini ya kiwango kilichoandikwa kwa wiki mbili mfululizo, mwenye jumba ana haki ya kuutoa mchezo na kuingiza mwingine. Wakati huo kulikuwa na mchezo Boston uliokuwa ukitafuta jumba, na ndani yake kulikuwa na mwigizaji wa filamu ambaye watu wangekanyagana kumwona. Hayo niliyajua. Sikuyaunganisha.

Nilichokiona kwanza ni kwamba Ambrose aliacha kusimulia. Mwanamume ambaye kila jioni aliniletea kioja kimoja kutoka dirishani, sasa alikuwa akiingia, anavua kofia, anaulizia kabichi. Siku mbili nilishuku mwanamke, kwa kuwa ndiyo shuku ya kwanza ya kila mke. Nikaiacha. Ambrose hakuwa na subira ya kunichagulia mimi maua, sembuse mwingine.

Jumapili baada ya Misa, Philomena Gaffney alinisimamisha kwenye ngazi za kanisa, akiwa na wenzake wawili.

"Mwalimu, umeshauona mchezo wa kwa mumeo?"

"Tiketi hazipatikani," nikasema. "Hata mimi mke wa mwenye dirisha sijapata."

Nakiri nililisema kwa majivuno. Wenzake wakatazama viatu vyao. Philomena akafungua mkoba, akatoa vikaratasi vinne vya rangi ya waridi, vya kuingilia bure.

"Pole, mama. Mimi nimekwenda mara mbili. Mara ya pili nililala."

"Umevitoa wapi?"

"Vimeletwa parokiani, bahasha nzima, ya jumba lenu. Vinagawiwa kama peremende. Manesi wanavyo, mabaharia wanavyo, muuza nyama wangu anavyo. Labda nyinyi haviwafikii kwa sababu mnakaa karibu mno na kiwanda."

Wale wawili wakacheka ndani ya skafu zao. Nilikwenda nyumbani kwa miguu, uso unawaka, nikamuuliza Ambrose ni nani anayegawa karatasi za bure.

"Ni desturi," akasema. "Jumba likiwa na mapengo waigizaji hukata tamaa. Unatia watu kidogo, mapengo yanaziba."

"Na ninavyosikia tiketi zimekwisha, hayo mapengo yametoka wapi?"

Akasema supu imepoa. Haikuwa imepoa.

Jumatano niliomba ruhusa shuleni, mara yangu ya kwanza kwa miaka minane, nikafuatana na Ottilie Brandt aliyefundisha Kijerumani, mwanamke ambaye Ambrose hakupata kumwona. Nilisimama ng'ambo ya mtaa, mbele ya duka la nywele za bandia, nikamtuma aende dirishani kununua viti viwili vya chini, vile vya karibu na jukwaa, kwa onyesho la mchana au siku yoyote ya wiki. Alirudi mikono mitupu.

"Amesema hakuna kiti cha chini mpaka Machi."

"Alikutazama?"

"Alizitazama pesa zangu, halafu akaitazama mikono yake. Nora, mumeo hajui kusema uongo. Masikio yalimwiva kama bitiruti."

Tulibaki pale nusu saa kwenye baridi. Watu walifika dirishani na kuondoka wakitikisa kichwa, mmoja mmoja, wengine wakiwa wametoka mbali, wenye mabegi. Na wakati huo huo mlango wa pembeni ulikuwa ukiwameza mabaharia wawili wawili, kila mmoja na kikaratasi chake cha waridi. Ottilie alisema kwa nchi yao hilo lingeitwa muujiza: jumba limejaa, na hakuna aliyelipa. Nikamwambia hata kwetu si jambo la kawaida.

Ndipo nilipoyaunganisha. Kikaratasi cha waridi hakiingizi senti. Bwana aliyeleta ule mchezo alichungulia pazia akaona vichwa kila kiti, akaenda kulala raha mustarehe. Na wiki ile mapato yalikuwa yanashuka chini ya kiwango. Ingebaki wiki moja tu ya namna hiyo, na watu wa Boston wangeanza kufunga masanduku.

Sikumwambia Ambrose niliyoyaona. Nilimtazama akila, nikajiuliza nimeolewa na nani.

Kikulacho ki nguoni mwako. Jumapili iliyofuata, nikilipiga brashi koti lake kabla ya Misa kama nilivyofanya kila Jumapili tangu tuoane, niligusa karatasi iliyokunjwa mara nne katika mfuko wa ndani. Ilikuwa na maneno machache: *Safu A mpaka K zisitoke mpaka nikuambie. Sema zimekwisha. Ichome hii.* Haikuwa na sahihi, wala haikuhitaji. K ilikuwa na mkia wa panya.

Con alikuja mchana na keki ya zabibu, akanibusu shavuni mimi dada yake.

"Shemeji, punguza viazi," akamwambia Ambrose akiketi. "Lile dirisha halitakutosha, itabidi tukuuze nusu nusu."

"Nusu ya juu ndiyo ghali," Ambrose akasema, lakini hakucheka.

Niliiweka karatasi kando ya bakuli la viazi.

"Cornelius, nisomee hii. Miwani yangu iko mbali."

Miwani ilikuwa usoni pangu. Con aliitazama karatasi, kisha akamgeukia mume wangu.

"Nilikuambia uichome."

"Sikuwa na kiberiti," Ambrose akasema.

Mtu huyu alikuwa akiniwashia jiko kila asubuhi. Kiberiti hakikumtoka mfukoni. Mpaka leo nashuku kwamba karatasi ile aliiacha makusudi, kwa sababu alijua ni mkono wa nani unaolipiga brashi koti lile kila Jumapili. Sikumuuliza hata siku moja. Kuna wanaume wasioweza kuomba msaada ila kwa njia hiyo.

"Siku ngapi?" nikamuuliza.

"Tisa. Tangu Alhamisi ya wiki ya juzi."

"Dada, huu ni utaratibu wa kazi," Con akasema. "Jumba lina mwenyewe. Mchezo ni mgeni tu. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Mgeni hupewa jembe, Con. Hachimbiwi shimo mlangoni."

"Mchezo wenyewe mbaya. Ungekufa tu."

"Basi ungeuacha ufe kwa ubaya wake. Wako wangapi pale?"

Ambrose ndiye aliyejibu, bila kuinua macho kwenye sahani. "Arobaini na wawili, pamoja na wapiga ala na wanaoshona. Yule anayeshona kola, kila siku ananipitia dirishani. Ananiuliza, 'Leo tunaendeleaje, Bwana Tierney?' Namwambia tumejaa. Anafurahi. Anakwenda kushona."

Con akakata keki, vipande vitatu, akaviacha.

"Shemeji," akasema, na safari hii hakuwa na utani, "anayekuajiri ni jumba, si mchezo. Kesho ukizitoa zile safu, msimu ukiisha Juni mimi sitakuwa na la kukusaidia. Nakuambia kama ndugu."

"Nimesikia."

"Umesikia, au umeelewa?"

"Con, niletee chumvi," Ambrose akasema. Akatia chumvi, akala kiazi, akajifuta mdomo. "Kesho nitaanza na A."

Alianza na A. Jumatatu aliyekuja dirishani alipewa kiti. Jumanne waliopewa walikuwa wamewaambia wengine, maana mji usio na magazeti una midomo, na habari kwamba viti vya chini vya *Kola Nyeupe* vimepatikana ilikwenda mbali kuliko mchezo ulivyostahili. Alhamisi foleni ilifika kwenye duka la nywele za bandia. Jumamosi walivuka kile kiwango, si kwa mengi, lakini mkataba hauulizi kwa mengi au kwa machache. Mchezo wa Boston ulikwenda kwenye jumba jingine. *Kola Nyeupe* uliendelea mpaka wiki moja baada ya Pasaka, magazeti yakawa yamerudi, yakasema ukweli juu ya zile nyimbo kumi na moja, na mchezo ukafungwa kwa ugonjwa wake wenyewe. Mshonaji wa kola alimletea Ambrose kola moja, imetiwa wanga, ndani ya sanduku la kofia. Ninayo.

Juni Ambrose hakuitwa tena. Hakuna aliyemfukuza. Msimu uliisha, na mpya ulipoanza dirisha lilikuwa na mtu mwingine. Wakati huo ndipo ilipotoka hadithi ya tiketi chini ya meza na walanguzi, ikasambaa mtaa ule wote wa majumba, na hakuna dirisha lililomtaka tena. Ilitoka mdomo gani sijapata kujua. Nina wa kuwashuku, na Philomena Gaffney ni wa kubebea tu. Ambrose akauza tiketi za treni stesheni ya Jamaica, ile ya hapa New York, miaka kumi na tisa. Alisema treni ni bora, kwa sababu haijali kama watu wameipenda.

Kwa hiyo hesabu ya mume wangu ni hii. Siku tisa aliwadanganya watu waliokuja na pesa zao halali, kwa amri. Siku ya kumi aliacha, akijua atakosa kazi, akaikosa. Atakayemwita muuaji wa mchezo ule aseme pia ni nani aliyeupa wiki tisa za uhai.

Sasa Con naye amezikwa, hakuacha mke wala mtoto, na wako watakaosoma haya na kuuliza yeye alipewa nini kwa kazi ile, na kwa nini miaka yote iliyofuata aliendelea kula mezani kwangu kila Jumapili. Nilimuuliza. Jumapili ile ile, kwenye ngazi, Ambrose akiosha vyombo. Alinijibu yote. Karatasi yake ile ya A mpaka K iko ndani ya kamusi yangu ya Kilatini, na kamusi imefungwa.

Alichonijibu hakimhusu mtu. Sisemi zaidi.