Miguu ya Kitanda Namba Thelathini na Moja

Muuguzi waliyemwita Mama Chaki alikuwa na vitanda thelathini na wagonjwa arobaini na mmoja. Kila aliyelala sakafuni alimwandikia namba ukutani kwa chaki, na namba hiyo akainakili kwenye daftari la wodi, ili dawa ya huyu isimfikie yule. Mkuu wake alipolalamika kuwa anachafua ukuta, Mama Chaki alimjia juu: "Kitanda hamkumpa, hata namba mnamnyima?"

Siku ya mjadala wa afya bungeni, wodi nzima ilitega sikio redioni. Waziri akajitapa kwamba wodi hiyo ina vitanda arobaini na kimoja, na daftari la wodi ndilo shahidi. Damu ikamchemka Mama Chaki. Kumbe wamehesabu namba zake za chaki!

Lakini mbunge wao alishafika wodini humo kumjulia hali shangazi yake. Akasimama.

"Mheshimiwa Spika, kitanda namba thelathini na moja kina miguu mingapi?"

"Minne, bila shaka," waziri akajibu.

"Ni mkeka, Mheshimiwa Spika! Shangazi yangu anaulalia!"

Bunge likaangua kicheko. Wodini vigelegele vikapaa, hata waliokatazwa na daktari kuketi wakaketi.

Mwezi haukuisha, vitanda kumi na kimoja vikaletwa. Mama Chaki akalowesha kitambaa, akafuta ukuta namba moja moja, taratibu, kama anayekula kitu kitamu. Shangazi alikuwa ameshapanda godoroni, anabembeza miguu.

"Mwanangu, waandikie kule bungeni," akasema. "Kina miguu sita. Minne yake, miwili yangu."