Yaya wa Ndovu

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa blanketi. Mimi, mtoto wa fundi wa reli kutoka mtaa wa Ziwani, nilikuwa nimemaliza masomo ya afya ya mifugo, nikaenda Zambia kujitolea katika kituo cha kulea ndama wa ndovu walioachwa yatima na majangili. Tangu nizaliwe nilikuwa sijamwona ndovu ila kwenye picha.

Msimamizi wa kituo, mama wa maneno machache, alinionyesha ndama jike aliyekataa kunyonya tangu mamake auawe.

"Tundika blanketi ukutani," akasema. "Ndama hunyonya huku mkonga wake ukigusa tumbo la mama. Sasa hilo blanketi ndilo tumbo. Chupa ipitishie chini yake."

Nikafanya hivyo. Ndama akageuza kichwa. Daktari wa wanyama akamwekea dripu, maji ya chumvi na sukari yanayoingia mshipani, lakini akatuambia wazi, "Dripu hailei. Asipokunywa maziwa, tutamzika."

Niligusa ule ukuta, nikaona ni baridi. Nikalishusha blanketi, nikajifunika nalo mwenyewe, nikamwimbia kama mama alivyotubembeleza kwa Kiluhya. Mkonga ukapapasapapasa, ukanipata mbavuni, ukatulia. Mara nikahisi chupa inavutwa.

"Anakunywa!"

"Usisogee," msimamizi akanong'ona. "Hata siafu wakikuuma, usisogee!"

Nilimpa jina la dadangu, Nekesa. Nililala naye banda moja, maana ndovu mchanga akiachwa peke yake huvunjika moyo na kufa. Nilijifunza kumchanganyia maziwa ya unga yenye mafuta ya nazi, kwa kuwa ya ng'ombe humharisha, na kumpaka tope masikioni jua lisimchome.

Alipokua tukahamishiwa kambi ya porini. Mkuu wa kambi, mwanajeshi mstaafu, akaniamuru, "Kuanzia leo usimguse. Akikufuata, mpe mgongo."

Huko ndiko kumwachisha ndovu mazoea ya binadamu, ili aweze kurudi porini. Nekesa alikuwa akiniwekea mkonga begani, nami nasimama kama nguzo. Nilidhani nimemkosea. Kisha asubuhi moja kundi la ndovu wa porini likaja mtoni. Jike kubwa likamnusa mdomoni, likaanza kuondoka, na Nekesa akalifuata hadi wote wakapotea vichakani.

"Hakugeuka," nikasema.

"Basi umefaulu," mkuu wa kambi akajibu, akanipa mkono. Nililia, naye kwa heshima akatazama mtoni.

Niliporudi Ziwani, vijana walinipokea kwa kicheko. "Niaje, yaya wa ndovu! Ati uliwacha ndovu zetu ukaenda kulea za wenyewe?"

Baba akatoka nje na kikombe chake cha chai. "Kijana wangu amelea mtoto asiye na mama," akawaambia. "Mwenye kazi nzuri kuliko hiyo aseme."

Kijana mmoja akanipokea begi.

Baadaye niliajiriwa hapa nchini katika makao ya wanyama yatima, nikapanda cheo hadi msimamizi wa watunzaji. Sasa nimestaafu, ninaishi Njiru. Wanaoanza kazi hii hunitembelea, nao huniuliza kama siumii kwamba wanyama wote niliowalea walinisahau.

Mimi huwajibu kwamba nimelea ndovu, vifaru na pundamilia, na kila aliyepona nilimfungulia lango kwa mkono huu. Hakuna hata mmoja aliyerudi kunitafuta. "Mwanangu," humwambia aliyeniuliza, "hiyo ndiyo kazi iliyofanywa vizuri."