Kamera ya Kuinama

Mke wangu alizikwa mbaazi zikitoa maua. Katika wiki zake za mwisho aliniomba kitu kimoja tu: picha ya mamake. Mama anaishi Kathonzweni, amezeeka, na hana picha yoyote isipokuwa ile ya kitambulisho, ambayo imefifia. Mke wangu alitaka ipigwe nyingine iangikwe sebuleni kwetu Kitui, watoto waione kila siku. Alifariki kabla sijaipata.

Mama hakukataa picha. Alikataa simu. Watoto walipojaribu aligeuza uso, akasema picha ya simu huzunguka dunia nzima na yeye hana haja ya kuzunguka. Nami nilikuwa na kizuizi changu. Kwetu Wakamba, mwanamume hamkazii macho mama mkwe. Heshima hiyo tunaiita nthoni. Kwa miaka yote ya ndoa nilimwita mwaitu, yaani mama, nilimsalimia nikiangalia ardhi na kuongea naye nikiangalia mlango. Sauti yake ningeitambua popote. Uso wake nisingeweza kuueleza.

Baada ya matanga nilimweleza ombi la bintiye. Akasema, "Zamani palikuwa na mpiga picha sokoni. Alikuwa anainama kama anayesali, hakutazami usoni. Kama ni ya namna hiyo, njoo nayo."

Sikuwahi kusomea upigaji picha. Nilianza kusoma mwenyewe jioni, kama nilivyojifunza mengine yote. Alichokuwa anakumbuka ni kamera ya lenzi mbili, moja juu ya nyingine. Ya chini hupiga picha. Ya juu hutupa taswira kwenye kioo kilicho juu ya kamera, kwa hiyo mpigaji huishika tumboni na kuangalia chini. Zile zenye sifa kubwa sikuziweza. Nilisoma kwamba hata za bei nafuu, zenye lenzi ya vioo vitatu, hutoa picha kali ukibana tundu la mwanga. Nikaanza kuulizia.

Niliipata Mwingi, kwa bwana mmoja anayeuza vifaa vya simu. Marehemu babake, mtu wa pwani, alikuwa na studio hapo, na kamera ilikuwa imebaki kabatini.

"Mzee, watu wanakuja hapa kununua chaja," alisema. "Wewe wataka sanduku la marehemu?"

"Nataka kulikagua kwanza."

"Kagua. Hata mbuzi hukaguliwa meno."

Nilimulika lenzi kwa tochi. Ya juu ilikuwa na kuvu kidogo pembeni. Ya chini ilikuwa safi. Nilisikiliza shata, kile kipazia kinachofunguka kuingiza mwanga, katika kila kasi: ile ya polepole kabisa ilikwama, nyingine zilikuwa sawa. Tulipatana bei, akaongeza mkoba wake wa ngozi.

"Lakini usishangae," aliniambia. "Kwenye kioo, kulia huwa kushoto. Baba alikuwa akisema, mteja akienda huku, wewe mfuate kule."

Nilimjibu kwamba hilo nimelisoma.

Kathonzweni nilimkuta mama ameketi kwenye kigoda kivulini, nje ya jikoni, amejifunga kitambaa cha akina mama wa kanisa, fundo likiwa ubavuni. Nikaisimamisha kamera kwenye stendi ya miguu mitatu, nikafungua kifuniko, nikainama.

Kwenye kioo alikuwa mke wangu.

Paji la uso lilikuwa lake, na nyusi. Mdomo pia. Mke wangu alipotaka kusema jambo la kuchekesha, mdomo wake ulipanda kwanza upande mmoja, upande wangu wa kushoto. Wa huyu wa kwenye kioo ulipanda hapo hapo. Tofauti ilikuwa mikunjo tu, ile ambayo ningeiona ikija kidogo kidogo kama tungezeeka pamoja. Nikawa nazungusha kitufe cha kulenga mbele na nyuma, ingawa taswira ilikuwa kali tangu mwanzo.

"Mkwe, bado?"

"Bado, mwaitu. Naweka sawa."

"Yule wa sokoni alikuwa anapiga haraka."

"Yule alikuwa fundi."

"Na wewe ni nani, mchungaji? Kuinama kote huku!"

Akacheka. Nikafyatua. Niliendelea mpaka roli ya filamu ikaisha.

Filamu ilisafishwa Nairobi, picha zikaletwa kwa basi. Zilikuwa kali; vifungo vya blauzi vilihesabika. Lakini aliyekuwemo alikuwa bibi mzee nisiyemfahamu. Mdomo ulipanda kulia. Nilizipitia zote, moja baada ya nyingine, na mke wangu hakuwemo. Kile kioo, kwa kugeuza kulia kuwa kushoto, ndicho kilichokuwa kimenipa yeye.

Nilimpigia simu fundi aliyezichapa, nikamweleza kwamba kwenye kioo mdomo ulipanda kushoto.

"Naweza kuigeuza negatifu, kulia kuwe kushoto, mzee," alisema. "Ni kazi rahisi, na hakuna atakayejua."

Nilimwomba asubiri. Mchana kutwa sikufanya kazi nyingine. Ikigeuzwa, ningekuwa na uso wa mke wangu ukutani, umezeeka kama ambavyo hautazeeka. Lakini fundo la kitambaa lingehamia upande wa pili, na mama angekuwa mtu ambaye si yeye. Bintiye aliniomba picha ya mamake. Jioni nikampigia tena, nikamwambia aiache ile ya kicheko ilivyo, aikuze.

Watoto walinisaidia kuiangika. Walisema susu wao, yaani bibi yao, ametoka vizuri, naye ametoka vizuri kweli. Mdogo alibaki akiitazama.

"Baba, mbona watu husema mama alifanana naye?"

"Alifanana," nikasema. "Kidogo."