Kitabu Alichokwenda Nacho Mlimani

Setsuyo Kuwabara alianza kwa kuchora lebo za chupa za sosi ya soya kiwandani kwa mjomba wake. Vitabu vyake viwili vya mwanzo vya picha havikumpa jina. Cha tatu ndicho kilichomtoa: mtoto anapanda mlimani peke yake, anabisha hodi kwa mbweha, mbweha anamkaribisha uji. Katika mji wao mkoani Iwate, Japani, kila chekechea ilikuwa nacho.

Mchana mmoja wa Oktoba mwalimu wa chekechea alimpigia simu. Chinami, msichana wa miaka mitano, alikuwa haonekani tangu asubuhi. Kitabu cha mbweha nacho hakikuwepo.

Mwezi ule dubu walikuwa wakishuka kutafuta kokwa, na juma lililopita mmoja alimrarua mchuma uyoga. Setsuyo akavaa buti, akaungana na watafutaji. Kila mmoja alifunga kengele kiunoni ili dubu asikie apishe njia. Mtoto hakuwa na kengele. Kando ya kijito waliona kiatu kidogo cha manjano. Hatua kumi mbele zilikuwapo nyayo za dubu, bado mbichi. Yoshimi, mama yake Chinami, akakiokota kiatu, akamgeukia Setsuyo.

"Bi Setsuyo, huyo mbweha wako anakaa wapi? Mwanangu alikuwa anapajua."

Setsuyo akatangulia kupanda mlima.

Jioni walimkuta Chinami kwenye kibanda kilichoachwa na wachoma mkaa, amejikunyata, meno yakigongana, kitabu kifuani. Mlango ulikuwa umekwaruzwa kwa nje, kimo cha mtu mzima.

"Nilibisha, hakukuwa na mtu," alisema. "Halafu yeye akaja kubisha. Alikuwa anapumua kwa nguvu, sikumfungulia."

Setsuyo hakushika brashi kwa miaka sita. Alipoirudia, hakupeleka kazi kwa mhariri wake, bwana Hatanaka, kabla ya kuwasomea watoto na kuwauliza wangefanya nini. Safari moja aliwaonyesha picha ya ziwa lililoganda, taa zikiwaka chini ya barafu. Msichana mmoja akasema angekwenda kwenye taa zile, tena na mdogo wake mgongoni. Setsuyo alirudi nyumbani akauchana ukurasa ule.

Hatanaka alilalamika kwamba ndio uliokuwa mzuri kuliko yote.

"Najua," alimjibu. "Ndiyo maana umenitisha."

Kitabu kilitoka bila ziwa, kikauzika kiasi.