Mtoto wa Mamba kwenye Shimo la Mihogo

Kuna siku moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko siku ya ndoa yangu. Mume wangu anajua, na hakasiriki tena.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa karibu na ziwa, hapa hapa mjini Baraka, mimi na mama na mdogo wangu Bahati, aliyekuwa bado wa kubebwa mgongoni. Baba alikuwa ameenda Lulimba kuchimba dhahabu, na barua zake zilikuwa fupi.

Yalianza Jumamosi, siku ya salongo. Wewe hukuikuta. Miaka ile ya chama kimoja kila mtu alitoka asubuhi kufanya kazi ya bure ya serikali, utake usitake. Wanaume walikata matete kando ya maji, sisi watoto tukayabeba. Ndani ya mzigo wangu nikasikia kitu kinalia, nyo, nyo, nyo, kama kifaranga aliyeachwa na wenzake. Nikafungua. Alikuwa mtoto wa mamba, urefu wake kama hindi moja, macho yake ya njano yakiniangalia mimi tu. Unisamehe, nilimpenda papo hapo. Nikamuita Sitwayeni, yaani raia kwa Kifaransa, maana wakati ule serikali ilitaka kila mtu mzima aitwe hivyo, na sikuona sababu ya kumwacha yeye peke yake nje.

Nilimfunga ndani ya kitambaa changu cha kichwa, nikampelekea mama. Alikuwa anapepeta ndagala, dagaa wa ziwa letu. Alipoona kilichomo, ungo ulimtoka mikononi.

"Mama, minaomba. Tumufuge."

"Riziki, uko na akili?"

"Atalala ndani ya beseni. Nitamupa ndagala zangu, mi nitakula bugali na majani."

"Na akikuwa mukubwa, utamufunga na kamba ya mbuzi?"

"Atakuwa amenizoea."

Jirani yetu, Mama Sifa, alikuwa amekaa hapo akicheka mpaka machozi. "Mwachie, mama Riziki," akasema. "Siku ya harusi atabeba bibi arusi mugongoni."

Mama hakucheka. Alizaliwa katika nyumba ya wavuvi, alijua mambo ya maji. Akanishika bega. "Sikia. Mutoto wa mamba akilia, mama yake anasikia. Anakuja. Hata iko mbali, anakuja. Rudisha hii munyama kwao sasa hivi, mule mule mwenye matete, halafu ukimbie."

Nilikwenda. Nililia njia nzima, na njiani nikapata wazo.

Unajua kwetu mihogo michungu hailiwi bila kulowekwa. Akina mama walichimba mashimo kando ya ziwa, kila mmoja na yake, wakaweka mihogo humo siku nne, wakafunika kwa majani ya migomba na mawe. Mama alikuwa na mashimo mawili. Moja alikuwa amelijaza jana yake. La pili, hatua moja tu pembeni, lilikuwa na maji matupu. Nikasema moyoni, mama amekataa Sitwayeni asikae nyumbani, na hapa si nyumbani. Nikamtia humo, nikafunika vizuri.

"Umemurudisha?" mama akaniuliza.

"Ndiyo, mama."

Jumapili baada ya ibada nilimpelekea ndagala mbili, Jumatatu kabla ya masomo nikampelekea tatu. Nilijihesabia kwamba mihogo itatolewa Jumanne jioni, na mimi nitakuwa nimemhamisha. Lakini Jumatatu hiyo mchana tukapata habari kwamba shangazi anakuja kutoka Lubondja na wanawe. Mama akasema mihogo itatoka leo, hata kama haijalainika sana. Akamfunga Bahati mgongoni, akachukua kikapu. "Twende, Riziki, unisaidie kutoa mawe."

Mwanangu, kutoka nyumbani hadi ziwani ni mwendo wa kama robo saa. Robo saa nzima nilikuwa na mdomo, na sikuutumia. Niliogopa fimbo. Niliogopa zaidi mama aone kwamba nilimdanganya.

Mama aliinama kwenye shimo la mihogo. Pembeni, chini ya majani, Sitwayeni akaanza kulia.

Mama akasimama. "Riziki. Iko nini inalia hapa?"

Nikasema, "Iko chura, mama."

Aliniamini. Akainama tena, Bahati akichungulia juu ya bega lake. Na maji ya ziwa yakafunguka.

Sijui kueleza vizuri, hata leo. Sikusikia kelele. Niliona mdomo tu, na ule mdomo ukakamata kikapu kilichokuwa mikononi mwa mama, ukakivuta. Mama aliachia, akaanguka kwa magoti, akatambaa kupanda juu na mtoto mgongoni. Mama Sifa, aliyekuwa kwenye shimo lake, akapiga beseni kama kichaa. Mamba akarudi majini na kikapu chetu, akabaki pale, macho nje, akitungoja.

Hapo ndipo niliposema kweli. Mama hakuniuliza swali. "Hatatoka hapa bila mutoto yake," akasema. Akanisukuma nyuma, akafunua majani, akamtoa Sitwayeni kwa mkono wake mwenyewe, akamweka juu ya mchanga. Tukakimbilia kwenye ukingo wa juu.

Mamba akatoka polepole. Akafungua mdomo, akamchukua. Mimi nikalia, "Anamukula, mama, anamukula."

"Hamukuli," mama akasema. "Anamubeba."

Nyumbani alikaa chini mlangoni. Alishika fundo la kikwembe alichombebea Bahati, akaliachia. "Fungua weye," akaniambia. Nilifungua. Bahati alikuwa amelala. Fimbo niliyoiogopa haikuja kabisa. Mama alisema neno moja tu, kwa sauti ndogo: "Nilikuuliza, Riziki."

Mwanangu, kupenda kitu kisichowezekana si kosa. Omba, lia, ota mchana kweupe, mimi bado ninaota. Lakini ukiambiwa hapana na ukaenda kuficha, basi ukiulizwa, sema. Hata kama umechelewa, hata kama tayari umedanganya mara ya kwanza, sema kabla mtu anayekupenda hajainama juu ya shimo lako. Fimbo ni ya siku moja. Mimi yale magoti ya mama kwenye mchanga ninayaona kila Jumatatu.

Mungu akupe mdomo mwepesi wa kusema kweli, na akupe nyumba ambamo ukweli hauogopwi. Wote unaowabeba mgongoni wafike salama. Nenda na amani.